Uchambuzi: Mashua ya Bogart inatunzwa Florida, na Ubundu bado inangoja treni

Huko Key Largo, kisiwa cha Florida nchini Marekani, kuna mashua ndogo ya chuma yenye urefu wa mita 9 hivi. Watalii wanalipa dola ili wapande, wazungushwe kidogo kwenye maji na kupigwa picha. Mashua hiyo haina mwendo wala viti vya raha, na bomba lake la moshi ni la wakati wa mababu. Lakini uzee huo ndio wanaoulipia. Inajulikana kwa jina la African Queen. Iliundwa Uingereza mwaka 1912, ikafanya kazi ya kubeba watu na mizigo upande wa Ziwa Albert, kisha mwaka 1951 ikaingia kwenye filamu yenye jina hilo, pamoja na nyota wawili waliokuwa juu kabisa wakati huo: Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Tangu mwaka 1992 imeandikwa kwenye orodha rasmi ya Marekani ya mali za kihistoria. Mwaka 2012 ilitengenezwa upya ili iendelee kuelea.

Kile ambacho watalii wengi hawakijui, na hata wasomaji wengi wa Goma, Bukavu au Bunia hawakijui, ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya filamu hiyo ilifanyika Kongo. John Huston, aliyeiongoza, aliwaleta watu wake hadi mto Ruiki, tawi la Lualaba, karibu na Ponthierville, mji ambao leo unaitwa Ubundu, katika jimbo la Tshopo. Baadaye walihamia Uganda, Butiaba na maporomoko ya Murchison. Picha kadhaa za ndani ya maji, pamoja na ile ya ruba inayokumbukwa sana, zilipigwa kwenye studio huko London.

Jambo hili linastahili kuzungumzwa leo kwa sababu hamu ya zamani imekuwa biashara kubwa duniani. Nyuso za nyota wa miaka ya 1940 na 1950 zinauzwa kwenye mabango, fulana na vikombe. Viti, taa, saa na redio za wakati huo zinatafutwa kwa bei ya juu kuliko vitu vipya. Filamu zenyewe zinasafishwa na kutolewa upya. African Queen ilirudi sokoni mwaka 2010 ikiwa na rangi safi kuliko zile ambazo wengi walikuwa wameziona. Taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, ilipotoa orodha yake ya nyota wakubwa wa sinema ya zamani mwaka 1999, wa kwanza upande wa wanaume alikuwa Bogart, na upande wa wanawake Hepburn.

Kongo ya mashariki nayo ina hamu yake. Kwenye simu, katika vikundi vya WhatsApp na kurasa za Facebook, picha za miji ya zamani zinazunguka bila kuchoka: Bukavu yenye barabara safi, Kisangani yenye bandari iliyojaa meli, Kalemie yenye treni. Na tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, picha hizo zimepata uzito mwingine. Mtu ambaye benki yake imefungwa, uwanja wake wa ndege umefungwa na ndugu zake wametawanyika, anaangalia picha ya barabara tupu ya mwaka 1955 na kuona amani.

Hapo ndipo pa kusimama na kuuliza: katika picha hizo za kupendeza, ni nani anaonekana, na ni nani aliyetolewa?

Kisa cha mlinzi wa mashua

Filamu yenyewe ni mfano mzuri. Historia ya utengenezaji wake imesimuliwa mara nyingi kuliko hadithi iliyo ndani yake. Hepburn aliandika kitabu kizima kuhusu safari hiyo mwaka 1987. Kwenye kichwa cha kitabu anawataja Bogart, Bacall na Huston, na kusema kwamba Afrika ilikaribia kumpotezea akili. Lauren Bacall, mke wa Bogart, hakuigiza, lakini alikuwa kambini na alisaidia kupika. Kila mpenzi wa sinema ya zamani anajua kwamba Hepburn aliugua vibaya kwa sababu ya maji, na kwamba Bogart alijigamba kuwa whisky ndiyo iliyomwokoa. Siafu walivamia kambi. Huston alipenda kuwinda kuliko kupiga picha. Peter Viertel, mwandishi aliyekuwa naye, alitoa riwaya mwaka 1953 kuhusu mwongozaji mwenye tabia hiyo, na Clint Eastwood akaifanya filamu mwaka 1990.

Kati ya visa hivyo kuna kimoja ambacho kimechekesha watu kwa miaka zaidi ya 70. Kijana mmoja wa huko Ruiki aliambiwa aiangalie mashua usiku. Asubuhi mashua ilikutwa imezama. Kijana, wanasema, alifanya kama alivyoambiwa: aliiangalia ikizama.

Ni kichekesho kizuri kwa yule anayekisimulia. Lakini kisa hakiishii hapo, na sehemu yake ya pili haina mzaha. Mashua ile nzito ilipaswa kutoka chini ya mto, na hapakuwa na mashine ya kuinulia. Watu wa eneo hilo waliitwa, wakaivuta kwa kamba na mikono mpaka ikatoka. Bila mikono hiyo, kazi ingesimama. Bogart alipata Oscar yake mwaka 1952, ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake. Walioivuta mashua hawana jina katika kumbukumbu zinazosomwa na wapenzi wa filamu. Kilichobaki juu yao ni kicheko juu ya mtu mmoja asiyejua kulinda.

Hata hadithi iliyozaa filamu ilipita njia hiyo hiyo. C. S. Forester, Mwingereza, aliandika riwaya yake mwaka 1935 akifuata mfano wa vita halisi vya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915, Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka London hadi Cape Town, wakazipandisha kwenye reli kupitia Elisabethville hadi Fungurume, halafu zikavutwa msituni na kwenye milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, zikashuka Lualaba kuanzia Bukama hadi Kabalo, na mwisho zikafika Lukuga, Kalemie ya leo. Barabara na madaraja ya safari hiyo yalijengwa na maelfu ya Wakongomani. Mwisho wa Desemba 1915 Mimi na Toutou zilikamata boti ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 Waingereza wakazamisha Hedwig von Wissmann. Katika riwaya na filamu, umati huo wote umepunguzwa kuwa mzungu mmoja mlevi na mmisionari mmoja mwanamke juu ya mashua. Hadithi ilipendeza zaidi hivyo, bila shaka, na iliuzika.

Waliotengeneza na wasioruhusiwa kutazama

Kuna kitu kingine ambacho hamu ya zamani inakificha. Mwaka 1951, Mkongomani aliyefanya kazi kwenye kambi ya Ruiki hakuwa na uhuru wa kuingia kwenye sinema ya mji na kutazama filamu yoyote aitakayo. Utawala wa Ubelgiji ulikuwa umeweka amri: Waafrika wataonyeshwa filamu zile tu zilizopitishwa na tume maalumu. Wakoloni waliogopa kwamba Mwafrika akiona mzungu anaiba, analewa au anapigwa kwenye kitambaa cheupe, heshima itaisha. Kwa hiyo palikuwa na sinema za Wazungu, na palikuwa na filamu za Wakongomani.

Hizo za Wakongomani zilitengenezwa mara nyingi na mapadri. Bukavu ilikuwa moja ya makao makuu ya kazi hiyo, kupitia Mapadri Weupe na kikundi chao cha Africa Films. Huko Luluabourg, Kananga ya leo, padri Albert Van Haelst alitoa mfululizo wa filamu za kuchekesha za watu wawili, Matamata mnene na Pilipili mwembamba, kwa mfano wa Laurel na Hardy. Zilitembezwa kwenye misioni na kambi za wafanyakazi, na watu walizipenda. Kama Kongo ya miaka ya 1950 ilikuwa na nyota wa sinema, hao wawili ni kati yao.

Nani anawakumbuka? Mwaka 1996 Tristan Bourlard, Mbelgiji, alitengeneza filamu juu yao. Zaidi ya hapo, kijana wa Kadutu au wa Katindo anaweza kukutajia Bogart, Bruce Lee au Schwarzenegger bila kufikiri, na majina Matamata na Pilipili yasimwambie kitu. Si kosa lake. Mikanda mingi ya filamu za mapadri na za utawala iko Ubelgiji. Na sheria ya Ubelgiji ya Julai 2022, ile inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, iliacha hifadhi za kumbukumbu nje. Mwezi mmoja kabla, Mfalme Philippe alikuwa Kinshasa, ambako alikabidhi kinyago cha Kakuungu cha Wasuku. Kinyago kinaweza kurudi. Filamu za sura na sauti za wazee wa Kivu na Kasai hazimo kwenye sheria hiyo.

Haina maana kwamba filamu hizo zilikuwa safi. Zilikuwa mahubiri: usilewe, usikimbilie mjini, mtii padri na bwana wa kazi. Walioigiza waliambiwa cha kufanya. Lakini ndani ya mahubiri hayo kuna nyumba, mavazi, masoko, namna ya kucheka na namna ya kutembea ya watu ambao hawakuacha picha nyingine. Kwa familia nyingi hakuna albamu ya mwaka 1953. Kilichopo kiko kwenye mkanda huko Ulaya.

Vijana wa Léopoldville, wao, hawakungoja ruhusa. Katika miaka ya 1950 walizichukua filamu za cowboy za Marekani na kujitengenezea ulimwengu wao. Walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa kofia na vitambaa vya shingo, wakabuni lugha yao iliyoitwa Hindubill. Mpiga picha Jean Depara aliwapiga picha ambazo leo zinaonyeshwa kwenye majumba ya sanaa Ulaya. Ch. Didier Gondola, mwanahistoria Mkongomani, aliwaandikia kitabu mwaka 2016, na hakuwapamba: anaonyesha ujasiri wao mbele ya mkoloni, na pia ukatili wa baadhi yao kwa wasichana wa mitaa yao. Hiyo ni namna ya kukumbuka ambayo mashariki bado haijaipata kwa wingi. Mtindo wao unapendeza kwenye picha. Matendo yao hayakupendeza yote.

Bukavu ya kwenye picha

Bukavu inastahili maneno machache ya pekee, kwa sababu ndiyo mji unaopendwa zaidi na watu wa hamu ya zamani. Wapenzi wa usanifu wanaijua kwa majengo yake ya Art Deco: kuta zenye kona za mviringo, ngazi pana, madirisha marefu yanayoelekea ziwa. Mengi yalijengwa kati ya miaka ya 1930 na 1950, mji ulipokuwa ukiitwa Costermansville. Baadhi yangali yamesimama kwenye barabara ya Patrice Lumumba na kuelekea La Botte, yamepakwa rangi mara kumi, yana maduka ya simu chini na nyaya zinazoning'inia juu.

Ni majengo mazuri, na kuyabomoa ili kuweka ghorofa za vioo ni hasara. Lakini picha ya mwaka 1955 inayozunguka kwenye simu ilipigwa kwenye mtaa ambao Mwafrika alipita asubuhi akienda kazini na kutoka jioni. Yeye alikaa Kadutu au Bagira, mitaa iliyopangwa kwa ajili yake, na usiku hakutembea kwa Wazungu bila ruhusa. Barabara inaonekana tupu na yenye amani kwa sababu wenyewe walikuwa wamefukuzwa kwenye picha. Mzee anayesema mji ulikuwa safi hasemi uongo. Taka ziliondolewa, maji yalitoka kwenye bomba. Anachokitamani ni maji, taa na kulala bila risasi. Asiyejua historia anafikiri mzee anamtamani mkoloni, na wapo wanasiasa wanaolitumia kosa hilo wanapotaka kuwanyamazisha watu wanaodai huduma.

Cha zamani kwa hamu, cha zamani kwa lazima

Tofauti kubwa kati ya Key Largo na Kongo iko hapa. Florida, chombo cha mwaka 1912 ni pambo. Mwenye kukipanda amekuja kwa ndege, na jioni atarudi hotelini kwa gari. Huku kwetu cha zamani bado kinabeba watu.

Meli Liemba ya Ziwa Tanganyika ni ndugu wa filamu hii kwa damu. Ndiyo Graf von Götzen ya Wajerumani, iliyounganishwa Kigoma, ikaanza kazi mwaka 1915, na ndiyo mfano wa meli ya adui anayewindwa katika filamu. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokimbia. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927. Watalii wa Ulaya walikuwa wakiipanda kwa ajili ya historia hiyo. Lakini kwa watu wa Uvira, Baraka na Fizi ina historia nyingine: mwaka 1997 ilitumiwa na HCR kuwarudisha nyumbani wakimbizi zaidi ya 75,000 waliokuwa wameikimbia Zaïre wakati wa vita. Mwaka 2015 iliwachukua Warundi waliokwama Kagunga na kuwafikisha Kigoma. Katika miaka ya karibuni ilisimama, na serikali ya Tanzania ikaingia mkataba wa kuitengeneza upya. Imezeeka kweli, ila wanaoingoja wanataka kusafiri.

Kwenye Lualaba, Mto Kongo na maziwa, boti za mbao zinabeba watu, magunia, mbuzi na pikipiki pamoja, mara nyingi usiku, mara nyingi bila makoti ya kuokolea. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaitazama kutoka ufukweni. Makumi walikufa. Wengi walikuwa wamechagua ziwa kwa sababu vita ilikuwa imekata barabara, na boti ilikuwa imejaa kupita kiasi. Kwa familia hizo, habari ya mashua iliyozama huku mtu akiiangalia haiwezi kamwe kuwa kichekesho cha kambini.

Na Ubundu? Kwa mpenzi wa sinema ya zamani, jina Ponthierville linaleta Hepburn akiwa na kofia yake kubwa. Kwa mtu wa mashariki, reli ya Kisangani hadi Ubundu inaleta mwaka 1997: makumi ya maelfu ya wakimbizi Wanyarwanda waliovuka Lualaba hapo, kambi za Kasese na Biaro zilizopangwa kando ya njia ya reli, na mauaji ya Aprili mwaka huo ambayo ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa iliyaandika mwaka 2010. Mpaka leo hakuna mahakama iliyoyashughulikia. Reli yenyewe, kilomita 125, ilifunguliwa mwaka 1906 ili kuzunguka maporomoko ambayo meli haziwezi kupita. Kwa miaka mingi sasa safari zake zimekuwa za kubahatisha, na wenye mizigo wanategemea pikipiki na baiskeli kwenye njia ya msitu.

Filamu ya mwaka 1951 na makaburi ya mwaka 1997 viko kwenye reli moja, na serikali ya jimbo ikiamua siku moja kupatengeneza pawe mahali pa watalii, haitaweza kuchukua kimoja na kukifunika kingine. Mtalii atakayefuata nyayo za Bogart atapita Biaro.

Kwa sasa kuna kazi ambayo haihitaji mtalii wala mkataba na Brussels. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1951, aliyeona Wazungu wakishusha makreti ya kamera kando ya Ruiki, kama yupo hai ana zaidi ya miaka 80. Huenda baba yake alikuwa kati ya waliovuta kamba. Chuo Kikuu cha Kisangani kina idara ya historia, wanafunzi wana simu zinazorekodi sauti, na Ubundu iko kilomita 125 kutoka hapo. Kwa pikipiki, mvua isiponyesha, mtu anafika kabla ya giza.